Kukodi gari Uganda na kuendesha mwenyewe: maswali mnayoniuliza kila likizo ikikaribia

Mi kwetu Bukoba ila Kampala nimekaa miaka sasa, na kila ikifika Juni au Disemba simu inaanza kuita, mara binamu, mara rafiki wa Nairobi, mara mtu nimesoma nae zamani, wote swali ni hilo hilo, tunakuja huko kutembea tunataka kukodi gari tuendeshe wenyewe, vipi kuna shida? Nimeona niandike yote sehemu moja. Na kabla hatujafika mbali niseme kitu ambacho mtakiona narudia rudia humu: panga kila siku ya safari yako uwe umefika unakolala kabla jua halijazama. Ukilishika hilo tu umeshapona mengi.

Huko wanaendesha upande gani?

Kushoto, usukani kulia, kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo hapo hamna cha kujifunza upya. Kwenye kipilefti unampisha anayetokea kulia kwako. Ila kama mpango ni kuunganisha mpaka Rwanda jua kwamba ukivuka tu pale Katuna au Mirama Hills unahamia kulia, na kosa watu hulifanya kesho yake asubuhi, mtu ametoka kuamka, barabara tupu hamna gari ya kumkumbusha, anajikuta kushoto.

Leseni yangu ya nyumbani inatosha?

Kwa mgeni wa Afrika Mashariki aliyekuja kutembea wiki moja mbili, kampuni nyingi zinapokea leseni ya nchi yako ilimradi haijaisha muda, wengine wanataka uwe umeiendeshea miaka miwili au zaidi, so waulize kabla hujalipa. Unaetoka mbali kidogo chukua na kile kibali cha kimataifa, hasa kama leseni yako haijaandikwa kwa Kiingereza. Huku leseni inaitwa pamiti, afande akikwambia "lete pamiti" anataka leseni, usianze kumtafutia karatasi za gari. Beba yenyewe, picha kwenye simu haitoshi. Na Mtanzania njoo na pasipoti au hati ya kusafiria, kile kitambulisho ambacho Mkenya na Mnyarwanda wanapitia nacho wewe usikitegemee mpakani.

Gari ya aina gani nichukue?

Inategemea unaenda wapi na mwezi gani. Kama ni Entebbe, Kampala, Jinja na kurudi, gari ndogo tu ya kawaida inatosha kabisa, lami ipo na mafuta utakula kidogo. Ukitaja mbuga za mbali kama Bwindi au Kidepo hapo usijidanganye, chukua fowili iliyonyanyuka, RAV4 za zamani ndo watu wengi wanaanzia hapo kwa bei, mkiwa wengi au mna mizigo Prado, na wale wanaotaka kulala juu ya gari kuna Land Cruiser zenye mahema juu. RAV4 ya zamani ni gari nzuri sana huku, fundi yeyote wa kijijini anaijua na spea zake zinapatikana mpaka Kisoro, ila ni gari ya miaka mingi hivyo ikague vizuri, nakuja huko chini. Halafu uliza ni oto au manyuo, maana kuna watu wamefika pale Entebbe saa nane usiku wakakabidhiwa manyuo na hawajaigusa tangu siku ya mtihani wa leseni.

Mkataba niangalie nini? Na hii bima inakuwaje?

Hapa naomba usome taratibu. Bei ya siku ndo kila mtu anauliza lakini pesa zinapotelea kwenye mengine. Uliza kilometa, je hazina kikomo au kuna idadi kwa siku na ukizidisha unalipa ngapi, maana Kampala mpaka Kabale peke yake ni zaidi ya kilometa 400 kwenda tu. Uliza dipoziti ni kiasi gani na inarudishwa baada ya siku ngapi, na iandikwe. Uliza tairi, kioo cha mbele na chini ya gari zimo kwenye bima ama la, kwa sababu kampuni nyingi vitu hivyo vitatu wanaviacha nje na ndivyo barabara zetu zinaviharibu zaidi. Bima kubwa maana yake gari yenyewe nayo imelindwa, ila hata kwenye bima kubwa kuna kiasi cha kwanza ambacho wewe ndo unalipa kabla bima haijagusa chochote, na hicho kiasi kinaweza kuwa kikubwa kuliko kodi ya wiki nzima. Ile bima ya mtu wa tatu inamlinda uliemgonga, gari uliyokodi hapana. Mtu akikwambia "gari ina bima usijali", muombe hiyo karatasi, soma jina la bima na tarehe inayoisha.

Na majina ya wote watakaoendesha yaingie kwenye mkataba. Shemeji akishika usukani nusu saa tu wewe ukapumzike, na hajaandikwa, likitokea la kutokea bima inakukana.

Nikague nini kabla ya kuondoka na gari?

Nitawaambia kilichonikuta. Mwaka fulani nilikodi gari kwa kampuni moja hapa mjini niwapeleke watoto wa mamangu mdogo ziwa Bunyonyi, nikaangalia rangi, nikaangalia mafuta, nikaona tairi la akiba lipo nyuma limefunikwa na kava lake zuri nikaridhika. Mbele ya Lyantonde tairi la nyuma likapasuka. Kutoa lile la akiba, halina upepo hata kidogo na pembeni lina mpasuko wa siku nyingi, jeki ipo lakini mkono wake haupo. Tukakaa pale barabarani na watoto, malori yanapita yanatikisa gari, mpaka dereva mmoja wa trela akasimama akatufungua tairi akampandisha kijana wetu mmoja wakaenda kuziba mjini. Ni mtu nisiyemjua na hakutaka hela. Nilikuwa na hofu ile siku ambayo sitaki mtu mwingine aipate kwa kitu cha dakika tano.

Kwa hiyo, tairi la akiba lishushe au libonyeze kwa mkono ujue lina upepo. Jeki na mkono wake, spana ya magurudumu ijaribu kwenye nati uone inaingia. Tairi nne angalia kashata zake. Washa taa zote mtu asimame nyuma, breki, indiketa, rivasi. Waipa. Honi, huku honi unaihitaji. Mikanda ya viti vya nyuma ivute yote, mara nyingi imezama chini ya kiti. Vile vibao viwili vya pembetatu, kizima moto na boksi la huduma ya kwanza viwepo. Halafu zunguka gari na simu unarekodi video polepole, kila mkwaruzo, bampa, rimu, kioo cha mbele, mpaka ndani kwenye dashibodi kilometa na geji ya mafuta zionekane, umtumie hiyo video mwenye gari kwa WhatsApp palepale mkiwa mmesimama wote. Hapo hamna wa kukuambia ule mkwaruzo ni wako.

Kitu kingine, uliza kama gari ina faini. Faini za trafiki huku zinakaa kwenye namba ya gari, ukisimamishwa na faini za mtu mwingine zipo hazijalipwa unaweza kuzuiwa wewe.

Au nichukue na dereva tu?

Kama hujawahi kuendesha mji wenye bodaboda nyingi, au mnaenda Kidepo kwa mara ya kwanza, au mzee ndo anaendesha na macho yanasumbua, chukua dereva jamani. Gharama yake kwa siku ukilinganisha na amani unayopata ni ndogo. Kulala na kula kwake mkubaliane mapema nani analipa. Wengine wanafanya nusu, dereva siku ya kutoka Kampala na mbugani, ukifika sehemu tulivu unazunguka mwenyewe.

Jamu ya Kampala ni kweli kama wanavyosema?

Ni kweli, na inazidi. Asubuhi watu wanaingia mjini, jioni wanatoka, Jinja Road upande wa Banda na Kireka unaweza kukaa mpaka mtoto alale aamke. Taa za barabarani zipo ila akisimama askari katikati yeye ndo taa, msikilize mkono wake hata kama taa inasema kitu kingine. Kama unatua Entebbe na unaenda magharibi, Masaka, Mbarara huko, huna haja ya kuingia katikati ya mji kabisa, panda ile ekspresswei ya Entebbe utokee Busega ushike barabara ya Masaka. Ilifunguliwa 2018 na tangu Januari 2022 inalipiwa, gari dogo shilingi 5,000, weka hela ndogo karibu. Ukienda Jinja au Gulu tumia Northern Bypass.

Eneo la Old Taxi Park na Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla katikati ya mji, usiende na gari ya kukodi, paki mbali panda boda au tembea. Na vioo pandisha mkiwa kwenye foleni, simu isikae mapajani upande wa dirisha, wanaipitia fasta.

Halafu huku "taksi" ni zile hiace nyeupe, daladala zetu, wanaziita pia kamunye. Zinasimama popote abiria alipo bila indiketa. Ukiwa nyuma yake acha nafasi.

Bodaboda nazikwepaje?

Huzikwepi, unaendesha ukijua zipo. Kulia zipo, kushoto zipo, na nyingine inakuja mbele yako upande usio wake. Kabla hujakata kona angalia saitimira zote mbili, halafu geuza na shingo uangalie, halafu kata polepole. Mlango wa gari usifungue kabla hujaangalia nyuma, waambie na watoto, ajali za mlango ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Spidi je?

Mjini na kwenye senta (vimji vya maduka) za njiani 50, barabara ya vumbi 80, barabara kuu ya lami 100 kwa gari ndogo, na ukiona kibao kimeandika 30 mbele ya shule fuata kibao. Ila mi nakwambia 80 kwenye vumbi ni nyingi kwa mtu asiyeijua njia. Matuta nayo, kila senta ina yake, mengine rangi imefutika huyaoni mpaka umefika, so ukiona nyumba zinaanza kusongamana na watu pembeni, shusha mguu hata kama huoni kitu. Mashimo hata Kampala yapo, 2023 watu walifanya maonyesho yake mtandaoni, kila mtu anatuma picha ya shimo la mtaani kwake.

Kwa nini unakataza usiku?

Kwa sababu nimeuendesha. Nje ya miji hamna taa. Unakutana na lori limeharibika limeachwa katikati ya njia, halina taa wala pembetatu, dalili yake ni matawi ya mti yamewekwa barabarani mita kadhaa nyuma, na hayo matawi usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga. Kumbuka hilo, hata mchana ukiona majani mabichi yamepangwa kwenye lami, punguza, mbele kuna kitu. Kuna baiskeli hazina taa, watu wamevaa nguo nyeusi wanatoka sokoni, ng'ombe wa Ankole wale wa pembe ndefu upande wa Mbarara wanavuka wanavyotaka. Anaekuja mbele ana fuli laiti hapunguzi, sekunde mbili tatu uko kipofu. Na mabasi ya usiku yanakimbia mno.

Huku tuko juu ya ikweta, jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima na giza linaingia haraka. Kwa hiyo saa kumi na moja uwe unakaribia. Ramani ya simu ikisema masaa sita wewe hesabu nane, tisa, maana yenyewe haijui foleni ya Kyengera wala haijui kwamba mtasimama Kayabwe kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, na mtasimama tu. Kama mnatoka Kampala kwenda Kabale, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, au laleni Mbarara, hamna anaewakimbiza.

Polisi wakinisimamisha?

Washa indiketa, simama pembeni, shusha kioo, msalimie vizuri, "habari afande", huku salamu ina uzito na Kiswahili polisi wanakijua. Ssebo kwa mwanaume, nnyabo kwa mwanamke, ukiongeza hizo mbili umependeza. Ataomba pamiti, pengine bima, ataangalia mkanda. Kama una kosa kweli anakuandikia tiketi, ile unalipia benki au kwa simu na unapewa siku 28, hakuna kulipa mkononi barabarani. Mtu akitaka mkononi, omba tiketi kwa upole, bila kugomba, uwe na muda, mpigie mwenye gari aongee nae. Simu sikioni unaendesha ni kosa, mkanda usiofungwa ni kosa.

Ukisikia king'ora na gari zinakuja na taa zinawaka, vuta kushoto usimame, msafara upite wote, usijiunge nyuma yake.

Bia moja mbili mchana si sawa tu?

Hapana. Kuna operesheni ya kupima pombe, watu wanaiita kawunyemu, wanakaa barabarani hasa wikendi usiku na kile kidude unapuliza. Kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, ila usianze kuhesabu chupa, mwenye usukani anywe soda.

Mvua ikinyesha?

Mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, halafu Septemba mpaka Novemba au inasogea Disemba. Lami sawa, ila udongo mwekundu wa huku ukilowa ni kama sabuni. Weka fowili kabla hujaingia kwenye tope, wengi wanaiweka wakishakwama. Gia ndogo, mguu mwepesi, usikanyage breki ghafla kwenye mteremko. Maji yakipita juu ya daraja usiyavuke, subiri, mvua ya huku mara nyingi inakata baada ya saa moja mbili. Hata barabara kuu hazisalimiki, Mei 2023 daraja la Katonga barabara ya Masaka lilifungwa sababu ya mafuriko, magari yakazungushwa mbali huko Gomba na Sembabule. Asubuhi kabla ya kutoka muulize mtu wa hoteli njia ikoje.

Mbugani naruhusiwa kuendesha mwenyewe?

Ndio, Murchison, Queen Elizabeth, Lake Mburo, Kidepo watu wanaendesha. Spidi mwisho 40, usitoke kwenye njia, usishuke hovyo, usipige honi kwa wanyama. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa rudi nyuma taratibu, usimkatie njia yeye na mtoto wake. Raia wa Afrika Mashariki tunaingia kwa bei nafuu kuliko wageni wa mbali, beba kitambulisho cha kila mtu, na hela iwe kwenye simu au kadi. Murchison siku hizi daraja la Paraa lipo, ile habari ya kusubiri feri imeisha, ila mbung'o wapo, pandisha vioo na usivae bluu iliyoiva wala nyeusi.

Barabara ya Mbarara kwenda Kasese inapita katikati ya Queen Elizabeth pale Katunguru, ni barabara ya kawaida ya malori na mabasi, lakini tembo wanavuka, na usiku viboko wanatoka kula majani. Sababu nyingine ya kutopita usiku.

Bwindi wengi wanakosea hivi: pamiti ya kwenda kuona sokwe, wale gorila (hii sasa sio leseni) inaandikwa sekta, Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo, na sekta moja hadi nyingine ni masaa ya milima na kona. Maelekezo yanaanza mapema asubuhi. Mtu ana pamiti ya Rushaga kalala Buhoma, hafiki. Lala sekta yako.

Mafuta na chakula njiani?

Jaza kila mji mkubwa, usisubiri taa iwake. Ukienda Bwindi jaza Kabale au Kisoro, Murchison jaza Masindi, Kidepo jaza Kitgum. Hakikisha pampu imeanza sifuri. Chakula ndo raha yenyewe, Lukaya barabara ya Masaka, Namawojjolo na Najjembe barabara ya Jinja, muchomo wa kuku na gonja (ndizi) ya kuchoma, wauzaji wanakimbilia gari wakati bado inatembea, kwa hiyo toka barabarani kabisa, zima injini ndo ununue.

Kiti cha mtoto wanatoa?

Wachache. Kama unacho njoo nacho. Kumpakata mtoto mbele hapana, hata kama wenyeji wanafanya.

Gari ikizingua au nikipata ajali?

Ikizingua, vuta pembeni kabisa, hazadi, pembetatu moja mbele moja nyuma mbali, watu wote washuke wakae mbali na lami, ndo umpigie mwenye gari kabla hujaita fundi, la sivyo atagoma kukurudishia pesa ya matengenezo.

Ajali ndogo ya bati kwa bati, piga picha kabla hamjasogeza, ita polisi, 999 au 112, bila ripoti ya polisi bima hailipi. Ikiwa mtu ameumia, yeye ndo wa kwanza, apelekwe hospitali. Lakini watu wanajaa haraka, na hasira inaweza kumuangukia dereva hata asiye na kosa. Ukiona hali inabadilika usibishane, nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu ukajisalimishe useme kilichotokea na ombeni majeruhi afuatwe. Kukimbia na kujificha ni kitu kingine, usifanye.

Naweza kuvuka nayo kwenda Kenya, Rwanda au nyumbani Tanzania?

Kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye gari tu, pamoja na nakala ya kadi ya gari na ile kadi ya njano ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) ambayo ndo bima ya nchi za nje, Tanzania nayo inaipokea. Mwambie siku unakodi, sio ukiwa umefika mpakani Mutukula. Gari nyingi zina kifaa cha kufuatilia na wengine wanaizima ikisogea mpakani.

Kurudisha gari kuna cha kuangalia?

Rudisha mchana kama ndege inaruhusu, giza linaficha mikwaruzo na linazaa mabishano. Mafuta yawe kiwango kilekile. Ioshe, matope ya Bwindi wengine wanayatoza. Rekodi video nyingine kama ile ya mwanzo, fungueni zote mbili mkae mziangalie pamoja, halafu dipoziti uulize siku na njia ya kurudishwa, aandike kwenye ujumbe na jina lake. Kama ndege ni ya alfajiri, rudisha gari jioni yake ulale Entebbe.